Karabai ya Mjomba

Juma lililopita binti yangu alikitoa chini ya sanduku kile kitabu cha maswali ya GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, akakinusa, kisha akaniuliza kwa nini kinanuka mafuta ya taa, na ni nani aliyeacha alama nyeusi ya dole gumba kwenye ukurasa mmoja katikati. Kuhusu miandiko miwili hakuuliza. Wa penseli ni wangu. Wa wino ni wa mtu nisiyemfahamu, aliyekimiliki kabla yangu na kuyajibu maswali yote, mengine akiyakosa kwa kujiamini sana.

Ilikuwa mwaka 2014. Ada ya mtihani peke yake ilikuwa dola 250, yaani zaidi ya shilingi 400,000, na nilipokwisha kuilipa sikubakiwa na fedha ya mwalimu wala ya kitabu kipya. Nilinunua kilichokwisha kutumika, nikakata ukanda wa boksi wa kufunikia majibu ya mwenzangu. Kwa kuwa sehemu ya hesabu haikuruhusu kikokotoo, na katika chumba cha mtihani mtu alipewa ubao mwembamba wa plastiki badala ya karatasi, mimi nilikokotoa juu ya kalenda ya zamani niliyoivika nailoni.

Shida ilikuwa mwanga, maana umeme wa mtaa wetu wa Mwanga (jina hilo lina utani wake), mjini Kigoma, ulikuwa ukikatika karibu kila jioni. Mjomba alivua dagaa Kibirizi, katika Ziwa Tanganyika, na dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, karabai hukosa kazi na wavuvi hupumzika. Basi ratiba yangu ikafuata mwezi: siku za giza nilikariri kanuni mchana, na siku za mbalamwezi nilipewa karabai pamoja na mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuipiga pampu.

Usiku mmoja alikubali kunishikia saa: maswali 37 kwa dakika 75. Nilipofika swali la 23 mwanga ukaanza kuwa mwekundu, naye akainama kupiga pampu.

“Ruka hilo, mjomba, utalirudia taa ikishika.”

“Hairuhusiwi kuruka. Kompyuta haileti lingine mpaka ulijibu hili, na ukishalijibu hulioni tena.”

Akataka kujua ni swali gani hilo lisilosubiri. Nikamtafsiria: mfanyabiashara amepata faida ya asilimia 20 juu ya bei aliyonunulia, je, faida hiyo ni dola ngapi? Taarifa ya kwanza inataja bei aliyouzia. Ya pili inasema bei aliyouzia inazidi ile aliyonunulia kwa sehemu moja ya tano. Nikaeleza kwamba faida yenyewe hawaihitaji, wanachouliza ni kama taarifa hizo zinatosha kuipata.

“Ulipe dola 250, halafu jibu lenyewe wasilitake?”

Hakucheka. Aliendelea kupampu polepole, macho yake juu ya kitabu asichoweza kukisoma, mpaka utambi ukarudi kuwa mweupe na ile sauti ya kufoka ikajaa chumba. Mimi nilikuwa nimekwisha kutia alama ya penseli kwenye “zote mbili kwa pamoja”, kama alivyofanya yule wa wino.

“Ya pili ni maneno yale yale yamegeuzwa,” akasema. “Aliyouzia ukiijua, faida ni fungu moja katika sita. Ya kwanza inatosha.” Akaweka dole lake la masizi pale nilipomwonyesha kuwa ndipo penye jibu hilo.

Tulibishana iwapo dakika za pampu zihesabiwe. Nilisema zihesabiwe, nikaishia swali la 31.

Mengine ni mafupi. Nilipanda treni, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, nikafanya mtihani, nikapata alama za kuombea chuo lakini si za kupatia ufadhili. Alama hizo hudumu miaka 5. Zangu ziliisha muda mwaka 2019, bado nikitafuta karo. Hilo sijapata kumwambia Mjomba, na yeye hajapata kuniuliza. Aliniuliza jambo moja tu siku niliyorudi, hata kabla sijamaliza kumwamkia: lile la faida lilikuja?

Nikamwambia lilikuja.