Dogo hataki kumaliza gemu

Leo jumapili, mwisho wa mwezi wa sita, na hapa Uyole, Mbeya, baridi ni ile ambayo hata jua likitoka halisaidii kitu, ukungu ulikaa mpaka saa nne. Nimekaa mlangoni na jiko la mkaa na kikombe cha chai ya tangawizi, naandika hii kwenye simu sababu jana usiku mi na mdogo wangu tulibishana mpaka saa sita na bado haijanitoka kichwani. Dogo yuko fomu tatu, anasoma bweni kule Njombe, kesho asubuhi anapanda basi kurudi shule. Tulikuwa tunabishania gemu.

Niseme kwanza tunachezea nini. Mi natengeneza simu Mwanjelwa, na mwaka jana kwenye mzigo wa vitu used, katikati ya spika na redio mbovu, nikakuta Game Boy Advance SP, kile kimashine kidogo cha gemu cha mkononi kinachojikunja kama simu za zamani. Kilitoka 2003 na betri bado inakaa, ukiwasha taa ya skrini unapata kama masaa kumi, kwa hiyo umeme ukikatika sisi tunaendelea tu. Kilikuja na kaseti tatu: Advance Wars, Fire Emblem na Final Fantasy Tactics Advance. Zote tatu ni gemu za kupanga vita kwa zamu, ramani ina vijumba kama vya drafti, we unasogeza watu wako, adui anasogeza wake. Ukimuonyesha mtu ambaye hajacheza atakwambia ni gemu moja hiyo. Sio moja. Mi nimezicheza zote na naona tofauti kubwa haiko kwenye silaha wala michoro, iko kwenye swali moja tu: mtu wako akifa, inakuwaje?

Advance Wars ni drafti kabisa. Pale kijiweni kwa bodaboda wanacheza kwa vizibo vya soda, kizibo kikiliwa hakuna anayekililia, unaangalia ubao. Huku nako askari wa miguu ni elfu moja, kifaru elfu saba, kifaru kikubwa elfu kumi na sita, hela inatoka kwenye miji uliyoiteka, na askari mzima anateka mji kwa zamu mbili. Ukipoteza kumi unanunua kumi. Wenye majina ni makamanda tu, kina Andy na Max na Sami, na wao hawafi, wanaongea tu kutoka juu. Mi naiheshimu sana hii gemu, kwa akili tupu hakuna inayoifikia katika hizi tatu, hakuna kupanda levo, hakuna upanga wa ajabu wa kukuokoa, ukishindwa umeshindwa kwa mpango wako mwenyewe. Na kuna kitu kilinishtua nilipokisoma. Ilitoka Marekani tarehe 10 Septemba 2001, siku moja kabla ya yale mashambulizi ya New York, Ulaya ikasogezwa mpaka Januari 2002, na Japani kwenyewe ilikotengenezwa hawakuiona mpaka 2004. Alafu ilipotengenezwa upya kwa ajili ya Switch, mashine mpya zaidi ya gemu ya Nintendo, ikawa itoke 2022, vita ya Ukraine ikaanza, ikasogezwa tena mpaka Aprili 2023. Yani vifaru vya rangi rangi kama pipi, lakini mara mbili vita ya kweli imevizuia mlangoni. Tangu nijue hivo siwezi kununua askari wa elfu moja bila kufikiri kidogo.

Fire Emblem imetengenezwa na haohao, Intelligent Systems, na ndo maana inaniumiza zaidi, sababu unaona walijua wanachofanya. Mfululizo ulianza Japani 1990, ila nje ya Japani haukuuzwa mpaka hii ya 2003. Hapa kila kete ina jina, ina sura, ina rafiki yake. Upanga unashinda shoka, shoka linashinda mkuki, mkuki unashinda upanga, na upanga wa chuma unapiga mara 46 tu alafu unavunjika, kwa hiyo hata silaha unaitumia kwa huruma. Na mtu akifa amekufa. Anasema maneno mawili matatu, anafutika, na chapta zote zinazofuata nafasi yake iko wazi. Gemu inajiseivu yenyewe kila hatua, ukizima ukawasha inakurudisha palepale, labda uanze chapta nzima upya.

Mi nilimpoteza Florina. Ni binti muoga anayepanda farasi mwenye mabawa, na kwa wanaoruka mshale ni sumu. Nilikuwa ndani ya basi natoka Makambako, nikamsogeza kijumba kimoja zaidi ya ilivyotakiwa, nikaona asilimia za adui kumpata ni ndogo nikasema aah atakwepa. Watu waliofungua programu ya hii gemu wamegundua inapiga namba mbili za bahati alafu inachukua wastani wake, kwa hiyo ikikwambia 90 ukweli ni kama 98, na ikikwambia 30 ukweli ni kama 18 hivi. Inabembeleza yani, inafanya kile tulichozoea kuamini kiwe cha kuaminika zaidi. Na bado mshale ukampata. Basi lilikuwa linaingia Igawa, watu wananunua mahindi dirishani, mi nimekaa na kile kimashine mkononi. Sikuanza upya. Nilimaliza gemu nzima bila yeye na mpaka leo namkumbuka kwa jina kuliko wote waliobaki.

Kuna kingine kwenye Fire Emblem nakipenda sana. Babu yetu wa Kyela alikuwa anacheza bao, na kwenye bao kete ukiila haitupwi nje, unaipanda upande wako inaendelea kuzunguka. Huku pia kuna maadui ambao ukimpeleka mtu sahihi akaongee nao wanahamia kwako. Yule Raven anakuja kwenye ramani kama adui, ukimpeleka Priscilla, mdogo wake wa damu, akamsemesha, anageuka. Usipojua unamuua ndugu mbele ya ndugu. Sijaona drafti inayoweza kusema kitu kama hicho.

Sasa Tactics Advance, ambayo ndo ya dogo, na hapo ndo ugomvi ulipoanzia. Ni ya Square, 2003 pia. Kila vita ina hakimu na sheria za siku ile, leo marufuku panga, leo marufuku moto, ukivunja unapewa kadi ya njano au nyekundu kama mpira, ukila nyekundu unapelekwa jela. Mi sheria zinanichosha, dogo anazipenda, anasema zinamlazimisha kubadilisha timu. Anaweza kukaa masaa matatu anapanga nani ajifunze nini kutoka kwenye silaha gani, misheni ziko 300. Na mtu akianguka, vita ikiisha anainuka. Wote wanainuka. Isipokuwa kwenye sehemu zinazoitwa jagd, ambako hakimu hafiki, na huko aliyebaki chini vita ikiisha harudi tena. Dogo jagd haingii kabisa.

Jana nikamwambia hiyo ni gemu ya kudekeza watoto, kifo kisichouma sio kifo. Akakaa kimya kidogo alafu akaniambia kaka, wewe hujaisikiliza stori.

Stori iko hivi. Watoto wa mji wa theluji wanafungua kitabu cha zamani, asubuhi yake mji umegeuka Ivalice, dunia ya uchawi. Doned ambaye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu anatembea. Mewt, aliyekuwa anaonewa na ambaye mama yake amefariki, ni prinsi na mama yake yuko hai, ni malkia. Na wewe unamchezesha Marche, kaka yake Doned, ambaye anataka kuivunja hiyo dunia ili wote warudi nyumbani.

Mama yetu alifariki mwaka juzi, mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zinanyesha kweli, dogo alikuwa fomu wani na alikuja kuchukuliwa shule bila kuambiwa sababu. Hatujawahi kukaa tukaliongea vizuri. Jana ndo nikaelewa kwa nini dogo amefika misheni ya mwisho ya stori, ile ya Royal Valley ambako inabidi umshinde malkia, mama yake Mewt, tangu likizo ya disemba, na haingii. Anazunguka na vita vidogo vidogo, watu wake wana levo za kutisha, wangeimaliza kwa dakika kumi. Akaniambia Marche yuko sawa, mi najua yuko sawa, ila yule ni mama wa mtu, mama mwingine asimalizwe kwa mkono wangu. Nikataka kumjibu na sikuwa na jibu, nikaenda kuongeza mkaa.

Neno la kudekeza nimelifuta. Fire Emblem inakuonyesha kuondoka kwa mtu kwa sekunde tano na inakuacha ubebe. Hii nyingine imechukua masaa mia ya dogo kumfikisha mlangoni, na mlango ameachiwa yeye mwenyewe. Bado naona kwa mpango wa vita Fire Emblem iko juu, na kwa akili Advance Wars iko juu ya zote. Ila hiyo sio hoja ya jana.

Shuleni haruhusiwi kwenda na gemu kwa hiyo inabaki kwangu. Sa hivi amemaliza kufunga begi, amenipa kile kimashine kikiwa kimejikunja, kaseti iko ndani, akasema kaka we cheza za kwako ila seivu yangu usiiguse. Nimemwambia sigusi.