Nilivyoiweka sawa bunduki yangu ya .30-06 nilipohamia risasi za greini 180

Huku kwetu Dodoma ukimwambia mwenye bunduki ya kuwindia kwamba umehama kutoka risasi ya greini 150 kwenda 180 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), jibu ni lilelile: ongeza kliki mbili tatu juu kwenye skopu (hiyo darubini ya kulengea, kila kliki ni hatua moja ndogo ya kitufe chake), basi. Mi nimeshaipitia hii kitu na naweza kusema skopu ndo ya mwisho kabisa kuigusa, kwanza bunduki ikubali risasi, ndo uanze kuhamisha alama.

Kwa nini nilihama. Pori la upande wa Manyoni na Itigi vichaka vimefungana, mnyama unamwona mita 60 au 80, sio zile mita 200 watu wanazopigia stori. Sasa greini 150 ni kama gramu 9.7 na boksi linasema inatoka mtutuni na mita kama 890 kwa sekunde, kwa umbali mdogo vile softi, yaani risasi ya ncha laini, ikigonga mfupa wa bega inafumuka mapema mno. Kwa swala pala sawa, hamna shida, ila kongoni ni mnyama wa kilo 120 na zaidi na nilitaka kitu kinachoingia ndani. Greini 180 ni gramu 11.7 hivi, inatoka taratibu kidogo, mita 820 kwa sekunde, lakini uzito unaibeba. Na niseme mapema, mi sijazi risasi mwenyewe, natumia za dukani za kwenye boksi, unaonyesha leseni unauziwa, kwa hiyo mambo ya kupima baruti hayanihusu.

Jamaa mmoja akanitia wasiwasi kwamba mtutu uliozoea 150 utaikataa 180, eti mifereji ya ndani haitaizungusha vizuri. Hapana. Hiyo 06 kwenye jina la .30-06 ni mwaka 1906, na kabla yake Wamarekani walikuwa na .30-03 ya kichwa kizito cha greini 220, ndo maana mitutu mingi ya .30-06 mpaka leo mfereji wake unazunguka mara moja kila inchi 10. Kama ilitengenezwa kuzungusha 220, 180 itashindwaje?

Kupigia karatasi nilienda eneo la shabaha lenye ruhusa nje ya mji, lina tuta la udongo. Hili nalisisitiza kwa sababu Dodoma ni mawe, kila ukigeuka kuna mlima wa mawe na mtu anaona huo ndo ukuta mzuri wa kuzuia risasi, kumbe risasi ikigonga jiwe inaruka inaenda usikokujua. Udongo tu, tena mwingi. Na uende asubuhi maana Julai na Agosti ikishafika saa nne upepo wa Dodoma na vumbi lake hujui tena umekosea wewe au umepeperushiwa. Mifuko ya kuegemezea nilikata miguu ya jinzi kuukuu nikajaza mchanga nikashona, inatulia kuliko ya kununua.

Basi nikapiga 150 zangu za zamani kwanza ili nijue bunduki iko wapi, zikakaa vizuri mita 100, juu ya alama sentimita 4 kama nilivyokuwa nimeziweka. Nikaweka 180. Risasi tatu tatu, mtutu ukipata moto nasubiri upoe mpaka nikiushika hauunguzi. Zikatawanyika, moja huku moja kule, kama sentimita 12 kutoka ya kwanza hadi ya mbali. Hapo ndo mtu anaanza kuzungusha kliki kufuata kila tundu na anamaliza boksi zima bila kupata kitu, maana kwenye tundu zilizotawanyika hivyo hujui katikati ni wapi. Skopu sikuigusa.

Nilianza na skrubu. Zile za kushikilia skopu zilikuwa ngumu, sawa. Zile mbili za chini zinazobana chuma kwenye mbao, ya mbele ikazunguka karibu nusu mzunguko. Hii ni kawaida ya huku, kiangazi mbao inakauka inanywea, skrubu inabaki inacheza, halafu kifuku kikija mbao inavimba tena. Nikakaza ya mbele kwanza halafu ya nyuma. Kisha nikachukua noti nikaipitisha kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kurudi nyuma, ikaenda vizuri halafu ikakwama upande wa kushoto. Yaani mbao ilikuwa inausukuma mtutu.

Na hapa ndo utamu wa jambo lenyewe ulipo. Risasi ikiwaka mtutu unatetemeka kama uzi wa zeze, na kitu chochote kikiugusa pale mtetemo unabadilika. 180 ni nzito na iko taratibu, inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo kuliko 150, teke linakuwa limeshaanza kuinua bunduki, inatoka mdomoni wakati mtutu uko kwenye sehemu nyingine ya mtetemo wake. Ndo maana risasi nzito inaweza kuhama hata kulia au kushoto, sio chini tu kama watu wanavyodhani, na ndo maana hakuna mtu anayeweza kukuambia kliki ngapi bila kupiga bunduki yako wewe. Ile sehemu iliyogusa ilivumilika kwa 150, kwa 180 ikagoma.

Kukwangua hiyo mbao nilimwachia fundi wa silaha mwenye kibali, mzee wa Kigogo, nilimwamkia "mbukwa" akacheka akaniambia, "Kijana, hii bunduki haiumwi, imebanwa tu." Akazungushia msasa kwenye kijiti akasugua taratibu mpaka noti ikapita yote, akapaka vanishi ndani mbao isinywe maji. Mtutu nilisafisha mwenyewe kwa dawa ya kutoa shaba, vitambaa vikawa vinatoka na rangi ya bluu-kijani, narudia mpaka vikatoka vyeupe. Ila ukishasafisha hivyo usiamini risasi za mwanzo, mtutu msafi sana unapiga tofauti mpaka upate uchafu wake kidogo.

Niliporudi uwanjani nilikuwa na 180 za makampuni mawili, maana uzito kuwa sawa haimaanishi risasi ni sawa. Za kampuni moja zilikuwa sentimita 7 hivi, za nyingine zikakaa ndani ya sentimita 4 na zikarudia hivyohivyo. Nikachagua hizo, habari ya ile nyingine ikaishia hapo hata kama ndo ilikuwa bei rahisi.

Sasa ndo skopu. Katikati ya kundi la matundu ilikuwa chini kwa sentimita 5 na kulia 4 na kidogo ukilinganisha na nilikoacha 150. Skopu yangu kliki moja ni robo ya dakika ya nyuzi (dakika ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja), kwa mita 100 inahama kama milimita 7, kwa hiyo kliki 7 juu na 6 kushoto. Nikapiga tena, ikakaa juu ya alama sentimita 4, na hiyo inanifikisha mpaka mita 170 na zaidi bila kubadilisha namna ya kulenga.

Halafu nikaacha mifuko ya mchanga nikapiga nimekaa chini, nikapiga nimeegemea mti, na kila asubuhi ile ya kwanza ya mtutu baridi niliiweka alama ya peke yake kwenye karatasi kwa sababu porini ndo hiyo unayopata.

Msimu ulipofunguliwa, leseni mkononi na askari wa wanyamapori pembeni, kongoni alisimama kwenye mita 70 hivi, bega, akaenda hatua chache akalala. Greini 150 zilizobaki ziko kabatini, na kwenye boksi lake nimeandika kwa kalamu: 7 chini, 6 kulia, piga karatasi kwanza.