Kupiga kambi na mbwa: kamba, maji na mahali pa kulala

Kabla ya kuwaza hema, uliza kama huko unakokwenda mbwa anaruhusiwa. Katika hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haruhusiwi, hata akiwa ndani ya gari na vioo vimepandishwa juu. Sababu ni nzito. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni ugonjwa wa mbwa wa nyumbani, uliingia Serengeti ukaua takriban theluthi moja ya simba wake, kisha ukaonekana pia Maasai Mara. Mbwa mwitu, ambao ni wachache sana, nao hufa kwa distempa na kwa kichaa cha mbwa. Kwa hiyo katazo hilo usitafute njia ya kulizunguka.

Kinachobaki ni mashamba na ranchi binafsi, baadhi ya viwanja vya kambi kando ya maziwa, na sehemu za ufukweni. Piga simu mapema uulize mambo matatu: mbwa anaweza kulala ndani ya hema? Kuna mbwa wengine wasiofungwa? Ni wanyama gani wanaopita hapo usiku? Jibu la swali la tatu ndilo litakaloamua namna utakavyopanga kila kitu. Kwa wakazi wa Nairobi, msitu wa Karura unaruhusu mbwa waliofungwa kamba, na ni mahali pazuri pa kumzoesha kutembea porini kwa nusu siku kabla ya kumpeleka mbali.

Chanjo nazo ziwe tayari. Ya kichaa cha mbwa huanza mtoto wa mbwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Ichomwe angalau wiki nne kabla ya safari, maana kinga haiji siku hiyohiyo. Kuna na ile ya mchanganyiko inayokinga distempa, pavo na leptospirosi. Hii ya mwisho huenezwa na mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama, na kambini mbwa hunywa kila dimbwi analolikuta. Beba cheti, au angalau picha yake kwenye simu.

Kamba

Mbwa kambini hakai bila kamba. Hata yule anayeitika mara moja akiitwa nyumbani, akinusa paa alfajiri masikio huziba. Kamba ya kambini ina kazi mbili zinazovutana: imshike asipotee, na imwachie papo hapo ukihitaji. Wengi hufikiria ile ya kwanza tu.

Mpango unaofaa kuliko yote ni kamba ya juu. Tafuta miti miwili hai, minene kama paja, iliyoachana mita 6 hadi 8. Tandaza kamba ya nailoni ya milimita 8 au 10 kutoka mti mmoja hadi mwingine, juu kidogo ya kichwa chako. Kwenye kila shina izungushe mara tatu kabla ya kupiga fundo, ili mvuto ubebwe na mizunguko kwenye gome. Fundo likibeba mvuto wote kutwa, usiku likapata na umande, asubuhi halifunguki mpaka ulikate. Sasa piga fundo nene kwenye kamba, mita moja na nusu kabla ya kila mti. Hapo ndipo klipu itakwama, na mbwa hatafika kwenye shina akalizunguka mpaka akajinyonga.

Kwenye kamba hiyo ning'iniza klipu ya chuma yenye springi, aina wanayotumia wapanda mlima, na kutoka hapo ishuke kamba fupi mpaka kwa mbwa. Urefu wake upime naye akiwa amelala chini: ibaki imelegea kiasi cha kiganja, basi. Ikizidi hapo itamnasa miguu. Ifunge kwenye hanesi ya kifuani, kamwe si kwenye mkanda wa shingoni, kwa sababu mbwa akishtuka na kukimbia mpaka mwisho wa kamba, ule mkatiko wote huishia kooni. Upande wa mbwa weka klipu yenye pete inayozunguka, la sivyo baada ya saa mbili kamba itakuwa imejisokota kama waya wa simu ya zamani.

Kamba ya mkonge hutafunwa ikakatika upesi. Ile ya plastiki ya buluu ya madukani inateleza, fundo hufunguka lenyewe. Mnyororo hautafuniki, lakini hunasa kwenye mizizi, na mlio wake huwasumbua watu. Usimfunge kwenye nguzo ya hema, wala kiti cha kukunja, wala meza yenye jiko juu yake. Kwenye bampa ya gari ndiyo usithubutu kabisa: mtu mwingine atapanda aende kununua mkaa bila kutazama nyuma.

Ile kazi ya pili ya kamba, ya kumwachia, inahusu siafu na nyuki. Mnyama aliyefungwa hawezi kuwakimbia, na huuawa palepale. Kabla ya kusimamisha hema tembea duara la mita 20 ukitazama chini kama kuna msafara wa siafu, kisha juu kama kuna mzinga au pango kwenye mti. Klipu iwe ya kufunguka kwa mkono mmoja gizani. Ijaribu nyumbani umefumba macho.

Usiku

Mbwa analala ndani ya hema au ndani ya gari lililoachiwa hewa. Hafungwi nje, hata akiwa mkubwa na mkali. Chui humpenda mbwa kuliko windo lingine lolote la karibu na watu, huja kimya, na mbwa hawahi kubweka. Fisi nao hufuata harufu ya chakula. Kando ya Ziwa Naivasha viboko hutoka majini usiku kula majani, na mbwa anayembwekea kiboko kisha akakimbilia kwa mwenyewe humletea hatari ya kufa mtu.

Sakafu ya hema huchanwa na kucha. Mkate kucha siku mbili au tatu kabla, zipate kusagika kidogo, na utandike turubai, juu yake mkeka, juu yake blanketi lake la nyumbani lisilofuliwa. Usilifue makusudi: harufu ya nyumbani ndiyo itakayomtuliza. Kwenye nyanda za juu baridi hutoka ardhini, kwa hiyo kinachotandikwa chini ni muhimu kuliko kinachofunika juu.

Halafu kuna zipu. Mbwa hufungua hema kwa pua akianzia pembe ya chini, pale vishikio viwili vya zipu vinapokutana. Vipandishe vyote mpaka juu kabisa, uviunganishe kwa klipu ndogo. Wavu wa dirisha la chini ufunikwe kwa kitambaa chake cha ndani, maana mbwa akimwona sungura mbele yake hupita na wavu.

Hema asiijulie kambini. Isimamishe uani wiki mbili kabla: siku ya kwanza mlishe humo mlango ukiwa wazi, siku ya tatu funga zipu kwa nusu saa ukiwa naye, kisha mlale usiku mmoja. Ataogopa kitambaa kikipigwa na upepo. Afadhali aogope nyumbani.

Bakuli lake lioshwe kabla ya kiza na liingizwe garini pamoja na chakula chote. Chakula kilichobaki nje huita nyani asubuhi, na dume la nyani lina meno ya kumchana mbwa mkubwa.

Maji na joto

Mbwa aliyetulia anahitaji mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 20, basi, ni lita moja na kidogo. Akitembea juani hufika lita mbili na nusu au tatu. Kwa siku tatu mbebee dumu lake la lita 10, lisiguswe kwa kuosha vyombo. Usitegemee ziwa. Maji ya Magadi, Natron au Elementaita ni ya magadi na yatamtapisha. Baringo maji yake hayana chumvi, lakini yana mamba.

Tembeeni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi alasiri. Weka mgongo wa mkono chini: usipovumilia sekunde saba, nyayo zake hazitavumilia. Mchana usimwache garini hata kidogo. Nje kukiwa na nyuzijoto 24 tu, ndani ya gari lililofungwa hufika 34 kwa dakika 10.

Mbwa aliyezidiwa na joto huhema kwa nguvu bila kupumzika, ute wa mdomoni unakuwa mzito, ufizi unakuwa mwekundu sana, kisha anayumba. Mwanzie hapo hapo: kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima na umpepee bila kukoma. Kumfunika taulo lililolowa kunazuia joto kutoka. Anywe kidogo kidogo. Akianza kupoa, ndipo muanze safari ya kwa daktari, naye akiwa bado amelowa.

Chakula, na yule mbuzi

Usimbadilishie chakula safarini, atahara. Kama nyumbani anakula ugali na dagaa, ale ugali na dagaa, na siku za matembezi umwongezee robo. Mabaki ya mchuzi wenu hapana, kwa sababu yana kitunguu, na kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyochomwa au kupikwa hapana pia, huvunjika vipande vyenye ncha.

Sehemu inayosahaulika ni pale mbuzi anapochinjwa kambini. Kila mtu anamtupia mbwa maini na mapafu yenye dosari, ambayo watu hawatayala. Humo ndimo hukaa malengelenge ya minyoo ya tegu wadogo. Mbwa akiyala mabichi, minyoo hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza hupata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana imeteseka sana na ugonjwa huu. Chemsha viungo hivyo nusu saa nzima au uvizike chini sana. Dawa ya tegu ni prazikwanteli, na daktari atakupa kipimo kwa kilo. Kinyesi cha mbwa nacho kizikwe sentimita 15 hadi 20, mbali na maji.

Kupe, nyoka na mitego

Dawa ya kupe apewe siku kadhaa kabla ya safari, ya mbwa na kwa uzito wake. Dawa ya josho la ng'ombe ikipimwa kwa jicho humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Hata ukishampa dawa, kila jioni mkague kwa vidole: ndani ya masikio, kati ya vidole, makwapani, chini ya mkia, kwenye kope. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usitie mafuta ya taa wala moto. Kati ya vidole angalia pia mbegu za nyasi zenye mishale. Huchoma kwenda mbele tu na huingia mwilini, na dalili yake ni mbwa kulamba mguu mmoja bila kukoma.

Swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 hadi 20. Bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, linasaidia kuelekeza maji. Aking'atwa na kifutu, mvue mkanda na hanesi mara moja kwa sababu atavimba, mbebe asitembee, nenda. Kukata jeraha au kufunga mguu kwa kamba kunaongeza madhara.

Kwenye sanduku la dawa weka koleo linalokata waya. Pembezoni mwa misitu na mashamba kuna mitego ya waya, na mbwa akinaswa anazidi kuikaza kila anapovuta. Usiweke diklofenaki, ibuprofeni wala parasetamoli kwa ajili yake. Dawa hizo za watu humuumiza tumbo, figo na ini.

Watu wa hapo

Mkifika, nenda kwa mzee au mama mwenye eneo bila mbwa, salimu kwanza, ndipo useme umekuja naye. Pwani, kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mweke mbali na kisima, vyombo na mikeka ya watu, na awe na bakuli lake. Mifugo ikipita, mfupishie kamba mpaka kundi lote lipite, maana mbwa anayekimbiza mbuzi anaweza kupigwa mshale, na mchungaji hatalaumiwa. Aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama una cheti cha chanjo mkononi.

Mkirudi nyumbani, kwa wiki tatu mtazame ufizi kila asubuhi. Ubonyeze kwa kidole: uwe mweupe, kisha wekundu urudi kabla ya sekunde mbili. Ukibaki mweupe, au akakataa chakula, akawa na joto, au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, hiyo huenda ni homa ya kupe. Mpeleke kwa daktari siku hiyo, umtajie mahali mlipolala. Kama mlipita penye mbung'o na jicho lake limeanza kuwa na ukungu wa samawati, litaje na hilo, ili damu ipimwe homa ya kupe na ugonjwa unaoletwa na mbung'o pia.