Vifurushi havikuchelewa njiani, vilichelewa mezani kwangu

Asubuhi moja niliamka na meseji mbili za wateja. Wa kwanza aliagiza madaftari matatu ya kuchorea, akapokea chupa mbili za wino. Wa pili aliagiza wino, akapokea madaftari. Haikuhitaji upelelezi. Siku nne nyuma nilikuwa nimefunga maboksi usiku wa manane, nikayapanga sakafuni yote yakiwa yameshafungwa, ndipo nikaanza kubandika lebo. Mawili yalikuwa ya ukubwa mmoja. Basi.

Nauza vifaa vya kuandikia na kuchorea mtandaoni: madaftari, kalamu, wino, rangi za maji, karatasi kubwa za kuchorea. Stoo ni chumba kimoja, wafanyakazi ni mimi na mdogo wangu anayekuja kunisaidia mchana. Oda zilipokuwa nne au tano kwa siku, kila kitu kilikaa kichwani. Zilipokaribia ishirini, kichwa kikajaa.

Nilikuwa na kisingizio kizuri: kampuni ya usafirishaji. Mteja akiuliza mzigo uko wapi, namwambia wasafirishaji wamechelewa. Mpaka mmoja aliponitumia picha ya ukurasa wa kufuatilia mzigo na maneno machache chini yake: "Wao wamekaa nacho siku mbili. Siku tatu za mwanzo kilikuwa kwako, dada." Sikuwa na la kujibu.

Wiki iliyofuata nilichukua daftari moja la kuuza, nikaligeuza kuwa la kuandikia saa. Kila oda niliiandikia saa ilipolipwa, saa nilipoanza kuishughulikia, saa nilipofunga boksi, na saa mzigo ulipotoka mkononi mwangu. Nilidhani tatizo ni kufungasha, na nilikuwa hata nimeanza kutafuta meza kubwa zaidi. Kufungasha kulikuwa kunachukua dakika nne. Kutafuta vitu kulichukua zaidi ya hapo, na muda uliobaki wote, masaa kwa masaa, oda ilikuwa imekaa tu ikinisubiri nimalize kujibu meseji. Halafu kulikuwa na kitu ambacho saa haikukionyesha wazi: kila kifurushi nilikuwa nakifikiria upya. Boksi lipi? Msafirishaji yupi? Niweke kadi ya shukrani au nisiweke? Mara ishirini kwa siku.

Nilianza na saa kwa sababu hiyo haigharimu kitu. Oda iliyolipwa kabla ya saa nane mchana inatoka siku hiyohiyo, baada ya hapo inatoka siku ya kazi inayofuata. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kila bidhaa na kwenye meseji ya kuthibitisha malipo. Niliogopa kwamba wateja wangekimbia. Kilichotokea ni kwamba maswali ya "mzigo wangu vipi?" yalipungua, na mimi nikaacha kufungasha usiku. Nikafanya na mpango wa gari la msafirishaji kupita saa kumi kila siku ya kazi, badala ya mimi kwenda kupanga foleni na mifuko mikononi.

Kisha rafu. Hapa ndipo nilipotumia siku nyingi, na ndipo ningemwambia mtu aanzie kama stoo yake inafanana na yangu ya zamani. Nilikuwa nimepanga vitu kama duka la kuingia mteja: kalamu na kalamu, wino na wino, kwa mpangilio wa rangi. Ilipendeza sana kwenye picha. Lakini stoo ya kuchukulia mizigo haitakiwi kupendeza. Wino mweusi ukikaa pembeni ya wino wa bluu iliyokoza, chupa zilezile, vifuniko vilevile, mtu aliyechoka atachukua usio wenyewe, na atakuwa na uhakika kabisa kwamba amechukua wenyewe. Nikavitenganisha vinavyofanana, kimoja rafu hii, kingine rafu ile. Vinavyotoka kila siku nikavileta karibu na meza, usawa wa kiuno. Vinavyotoka mara moja kwa mwezi vikapanda juu, na vizito vikashuka chini.

Kila nafasi nikaipa anwani yake. A2-4 maana yake rafu A, ngazi ya pili, nafasi ya nne. Orodha ya kuchukulia bidhaa haifuati tena mpangilio wa oda zilivyoingia, inafuata anwani za rafu, kwa hiyo naingia mwanzo wa chumba na kutokea mwisho bila kurudi nyuma. Nachukua oda kumi kwa mzunguko mmoja. Zamani nilikuwa nafanya mizunguko kumi na kujisifu kwamba nafanya mazoezi.

Kuchukua kwa pamoja kuna hatari yake, nayo iko mezani, pale unapogawa. Ninatumia trei za plastiki zenye namba. Karatasi ya oda inaingia kwanza, trei ikiwa bado tupu, ndipo bidhaa zinafuata. Trei moja inafungashwa mpaka mwisho, lebo inabandikwa, ndipo trei ya pili inaguswa. Boksi haliondoki mezani bila lebo. Hii ndiyo sheria pekee ninayomkalia mdogo wangu kooni.

Misimbo pau, ile mistari myeusi inayoskaniwa kwenye bidhaa, nilikuwa nikiona ni mambo ya maduka makubwa. Mara ya kwanza bidhaa kuskaniwa kwa msimbo wa aina hiyo dukani ilikuwa Juni 1974, pakiti ya bablishi katika supamaketi moja ya mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Yaani teknolojia ina umri mkubwa kuliko mimi na bado nilikuwa naiogopa. Kumbe kwa matumizi ya ndani ya stoo yako huhitaji kusajili namba popote. Unajitungia msimbo wako, unauchapa kwenye stika, na kamera ya simu yenye programu ya kawaida inausoma. Ukiskani wino wa bluu wakati oda inataka mweusi, simu inakataa.

Mizani nayo imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Kila bidhaa ina uzito wake kwenye lahajedwali (jedwali la hesabu la kwenye kompyuta), na kila aina ya boksi pia. Nikishafunga, naweka kifurushi kwenye mizani: kama kinapishana na jumla iliyokokotolewa kwa zaidi ya gramu 20, nakifungua. Kalamu iliyosahaulika au daftari lililozidi linaonekana hapohapo. Mizani haitofautishi wino mweusi na wa bluu, hiyo ni kazi ya msimbo. Navitumia vyote viwili.

Sasa maboksi. Nilikuwa na saizi kumi na moja, nyingine za kuokoteza na kukata kwa kisu. Sikujua nilikuwa nalipia hewa. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hutazama vitu viwili, uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo unapatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu kugawa kwa 5,000. Si wote wanaotumia 5,000, kwa hiyo soma mkataba wako, lakini ndiyo namba utakayokutana nayo mara nyingi.

Chukua bomba la kusafirishia karatasi kubwa. Langu la zamani lilikuwa na urefu wa sentimita 70 na kipenyo cha 10. Msafirishaji halipimi kama bomba, analipima kama boksi: 70 mara 10 mara 10 ni 7,000, gawa kwa 5,000, unapata kilo 1.4. Ndani kulikuwa na karatasi na bomba lenyewe, jumla nusu kilo. Nikahamia bomba la kipenyo cha 7: 70 mara 7 mara 7 ni 3,430, sawa na kilo 0.69. Karatasi zilezile, zimekunjwa kwa kubana kidogo tu. Na kwa kuwa msafirishaji wangu anapandisha hadi nusu kilo inayofuata, nilitoka kulipia kilo moja na nusu nikaingia kulipia moja. Piga hesabu hiyo kwa mwaka mzima wa mabomba, utaelewa kwa nini nilikaa kimya siku ile.

Siku hizi nina vifungashio vinne tu: bahasha ya kadibodi, boksi dogo, boksi la kati na bomba. Kila bidhaa imeandikiwa kifungashio chake kwenye orodha, hakuna anayesimama kuwaza.

Wino ulinitesa peke yake. Kwenye ndege hewa inayozunguka mzigo ina mgandamizo mdogo kuliko wa ardhini, ile iliyomo ndani ya chupa inatanuka, na wino unasukumwa nje kupitia kifuniko ambacho wewe ulikiona kimekaza vizuri. Nilipoteza madaftari mengi ya watu kabla sijaelewa kwamba tatizo si wapagazi wanaorusha mizigo. Sasa kifuniko kinazungushiwa tepu, chupa inaingia kwenye mfuko wa plastiki unaojifunga wenyewe, halafu inaviringishwa kwa ile nailoni ya viputo, na haikai tena chumba kimoja na karatasi bila kadibodi katikati. (Hiyo nailoni, waliobuni mwaka 1957 walikuwa wanatafuta karatasi ya kupamba ukuta. Huwa nalikumbuka hilo ninapoharibu kitu.) Mwisho natikisa boksi. Likilia, linafunguliwa.

Kwenye lebo, printa ya joto ndiyo kifaa pekee nilichonunua bila kujuta. Haina wino, karatasi yenyewe inageuka nyeusi ikipata joto, na lebo ya milimita 100 kwa 150 inatoka na anwani, namba ya kufuatilia na msimbo kwa pamoja. Joto hilohilo ni adui yake, maana roli la lebo nililoliacha dirishani juani liligeuka kijivu lote. Usibandike lebo juu ya maungio ya boksi, wala usipitishe selotepu inayong'aa juu ya msimbo, skana zinashindwa kusoma.

Kabla ya printa, namba za kufuatilia tulikuwa tunazinakili kwa mkono. Zile za posta za kimataifa zina herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, inakokotolewa kutokana na nane za mwanzo, kwa hiyo ukikosea moja mfumo unakuambia hakuna mzigo kama huo. Mteja hajui hayo. Anachojua ni kwamba umemdanganya.

Anwani zisizokamilika zilikuwa zinanisimamisha kazi nzima. Sasa zina trei yao, imeandikwa SUBIRI. Meseji inatumwa kwa mteja saa hiyohiyo, nyingine zinaendelea.

Mizigo ya nje ya nchi sitaisema sana, ni asilimia ndogo ya oda zangu. Forodha wanataka kujua kilichomo kwa jina lake. Ukiandika "zawadi" au "vifaa" umejitafutia wiki ya kusubiri, andika "madaftari ya karatasi, 3". Kila bidhaa ina namba ya mfumo wa kimataifa wa forodha, tarakimu sita za mwanzo zikiwa sawa kwa nchi zinazoutumia. Nilizitafuta mara moja, nikaziweka kwenye lahajedwali pembeni ya uzito.

Kazi yote niliiandika kwenye karatasi moja, nikaibandika ukutani juu ya meza. Siku ya pili mdogo wangu akaniuliza, "Dada, kwa nini selotepu iko kushoto na sisi wote tunatumia mkono wa kulia?" Miaka miwili nilikuwa napitisha mkono juu ya boksi kila mara. Tukaihamisha. Tangu hapo karatasi ile anaihariri yeye zaidi yangu.

Zilizorudi zina rafu yao, hazichanganyiki na bidhaa mpya mpaka zikaguliwe. Kuhesabu stoo tumeacha kungojea mwisho wa mwaka: kila siku tunahesabu rafu moja, dakika kumi, na kusahihisha namba iliyoko dukani mtandaoni. Kuagiza upya ni hesabu ya kawaida. Daftari linalouzwa matatu kwa siku, na msambazaji wake anayechukua siku 14, linahitaji 42 za kunivusha. Naongeza 15 za dharura. Zikibaki 57, naagiza, hata kama rafu inaonekana imejaa.

Jumatatu bado zinanishinda. Oda za siku mbili za mapumziko zinaingia pamoja na za asubuhi, trei hazitoshi, na saa nane inafika kabla hatujamaliza mzunguko wa tatu. Nimeagiza trei kumi zaidi. Mdogo wangu anasema tungehamisha saa ya mwisho ya Jumatatu iwe saa sita, na nadhani yuko sahihi, ila sijamwambia bado.