Cherehani ya kwenda KINDU: siku yangu moja Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri

Hapa Katuba, mtaani kwetu Lubumbashi, jogoo huwika wakati vijana wa makala, yaani makaa, wameshapita. Wanatembea usiku kucha kutoka vijijini, magunia matatu nyuma ya baiskeli na la nne limelazwa juu ya usukani. Hawapandi, wanasukuma. Leo mmoja amesimama langoni kwetu akifunga rimu iliyopasuka kwa waya. Breki yake ni kipande cha kandambili alichokichomeka juu ya tairi la nyuma. Nimenunua ndoo mbili za makala, nikachemsha chai, nikala mikate miwili nimesimama.

Saa kumi na mbili na nusu

Taksi bisi ya kwenda mjini. Nyingi ya bisi zetu zilizeekea Japani kwanza, kwa hiyo usukani uko kulia, nasi Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Matokeo yake mlango wa abiria unafungukia katikati ya njia, kule kule magari yanakokimbilia. Kijana wa mlangoni anaruka kwanza, ananyoosha mkono kuzuia magari, ndipo anaita, "Yaya," yaani dada, "shuka mbio!" Nimeshuka hivyo miaka sita na bado moyo unaruka.

Saa mbili

Nafanya kazi kwenye ajansi ndogo ya mizigo, watu watatu na mzani mmoja. Kazi yangu kwenye karatasi ni kuandika bodero, ile orodha ya mizigo. Kazi yangu ya kweli ni kuwaambia watu njia, maana katika nchi hii ukitazama ramani unadanganyika. Miji unaiona, mstari mwekundu unauona, ila mstari hausemi kama mvua imenyesha.

Mteja wa kwanza ni mama wa makamo, amebeba cherehani ya chuma kichwani bila hata kuishika.

"Jambo Mama, mulilala muzuri?"

"Muzuri, mwanangu. Hii inaenda Kindu kwa binti yangu. Itafika siku gani?"

Swali hilo ndilo linalonilisha na ndilo linaloninyima usingizi. Kwa ndege ni haraka, lakini chuma kinalipiwa kwa kilo, na nauli ingekaribia bei ya cherehani nyingine. Inabaki treni: Likasi, Tenke, Kamina, halafu unaiacha reli ya Kananga na Ilebo, unakata kaskazini hadi Kabalo. Hapo njia inagawanyika, moja inaenda Kalemie ziwani Tanganyika, nyingine inapanda Kongolo hadi Kindu. Siku ya kuondoka? Behewa likijaa na injini ikipatikana. Nimemwambia hivyo hivyo. Kumpa mtu tarehe ya uongo ni kumtuma binti yake stesheni akapigwe jua bure.

Mama amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi iende na treni. Mimi nilimzaa kwa miezi tisa, atangoja."

Tumeifungua pamoja. Sindano na kibobini nimevitoa, nikavitia kwenye kopo la maziwa, nikalifunga kwa plastiki. Kichwa cha cherehani tumekizungushia kitenge kuukuu, halafu gunia, halafu kamba. Jina nimeliandika kwa kalamu nene pande tatu: KINDU, KINDU, KINDU. Ina sababu yake. Mwaka jana nilikuwa na haraka, nikaandika KIN kwenye katoni la viatu. Kila mtu nchini anajua KIN ni Kinshasa. Viatu vikapanda ndege, vikafika mji mkuu siku hiyo hiyo, na mwenyewe Kindu akavingoja miezi miwili. Nililipa kwa mshahara wangu.

Saa tano

Nimepiga simu Kinshasa, wakaniambia niite baada ya saa moja, bosi hajafika. Kwao bado ni saa nne. Nasahau kila wiki.

Anayetaka kupeleka mzigo huko ni fundi mwenye giaboksi. Nimemtajia njia tatu. Ndege, ghali. Lori kwa Barabara ya Taifa namba 1, kupitia Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga na Kikwit: pengine lami, pengine udongo, na mvua zikishaanza kama sasa, lori moja likizama matopeni mengine yote yanapanga mstari nyuma yake. Ya tatu ndiyo ile ya wazee: treni hadi Ilebo, kisha meli kwenye mto Kasai, halafu mto Kongo, hadi Kinshasa.

Baba yangu alikuwa shemino, mfanyakazi wa reli. Alinifundisha hiyo njia mezani kwa vijiti vya kiberiti, nikiwa mtoto. Mto ndio barabara kubwa, alisema, na reli inaingia pale tu maji yanapokatika. Matadi hadi Kinshasa kuna maporomoko, wakaweka reli, ikamalizika mwaka 1898; leo ni kilomita 366. Kisangani hadi Ubundu kuna maporomoko ya Boyoma, wakaweka kilomita 125. Hapo katikati, Kinshasa hadi Kisangani, ni meli tupu. Ndiyo maana safari yetu ndefu ni ya kupanda, kushuka na kupakia upya, na kila unapopakia upya kuna mtu anayeomba kitu. Hilo la mwisho Baba hakuniambia, nimelijua kazini.

Fundi amechagua ndege. Giaboksi ni ya basi lake, na basi lisipotembea, yeye hali.

Saa saba

Bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, kwa mama wa kona. Pembeni yangu dereva Mtanzania, ameshusha mzigo jana baada ya kulala siku nne kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alipoagiza "ugali" mama akamtazama kama anamtania. Amenieleza njia yake: Dar es Salaam, Tunduma, anaikata Zambia, anaingia kwetu. Lami. Nikamuuliza kama ameshawahi kufika Kinshasa.

"Dada, kwa lori? Mimi nina watoto."

Tukacheka, ila mimi chakula kilinikaa kooni kidogo. Kutoka hapa unaifikia bahari ya watu wengine kirahisi kuliko mji mkuu wako.

Saa tisa

Stesheni. Mzani, foleni, muhuri, foleni tena. Karani ameiweka cherehani juu ya magunia ya mahindi. Nimemwomba aishushe chini, chuma kisije kikaangukia mtu, akaishusha bila kununa. Behewa bado nusu.

Saa kumi na mbili jioni

Mvua. Bisi hazionekani, nimepanda moto, yaani pikipiki. Shofere amenipa nailoni ya kujifunika, yeye akalowa.

Saa mbili usiku

Simu imelia nikiwa naosha wino vidoleni. Ni yule mama.

"Mwanangu, imeondoka?"

"Bado, Mama. Imeshaingia kwenye behewa."

"Na uliandika KINDU yote?"

"Yote, Mama. Mara tatu."