Nimeenda Washington kumwona Nabii wa Washawnee

Jumamosi nimedamka nikapanda treni ya MARC kutoka Baltimore mpaka Union Station, kama saa moja hivi, nikaunga na metro vituo viwili tu nikashukia Gallery Place. Safari yote hiyo kwa ajili ya picha moja ya kuchorwa, ya nabii wa Washawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Ukitoka chini ya ardhi jumba la makumbusho la Smithsonian hilo hapo, la nguzo kubwa za mawe, kuingia bure kabisa, wanakagua begi basi.

Nilidhani nitakuta picha ya kujaza ukuta, kumbe ni kama sentimita 74 kwa 61, unaweza kuibeba kwapani. Huyo ndo Tenskwatawa, jina lake maana yake Mlango Ulio Wazi, mdogo wake Tecumseh, yule shujaa aliyeunganisha makabila kuwapinga wazungu. Alichorwa na mchoraji Mmarekani George Catlin mwaka 1830 kule Kansas. Jicho moja halioni, aliumia utotoni, ila lile zima linakutazama mpaka unajikuta umenyamaza. Mkono mmoja kashika kile Catlin alichokiita moto wa dawa, wa pili kashika kamba ya shanga, na hapo kwenye shanga ndo nikasimama sana, nikasogea mpaka mlinzi akaniambia dada rudi nyuma kidogo.

Maana ile kamba ni kama tasbihi, ila ya maharage matakatifu. Wajumbe wake walizunguka nayo vijijini, na aliyeyakubali mafundisho aliipitisha taratibu kwenye viganja vyake, ikahesabika ameshikana mkono na Nabii mwenyewe.

Na huyu zamani alikuwa mlevi wa kupindukia jamani. 1805 akaanguka, watu wakajua amekufa, wanajiandaa kuzika, akaamka na habari za maono: acheni pombe, acheni mambo ya wazungu, rudini kwenye mila zenu. Juni 1806 akatabiri jua litafunikwa na likafunikwa kweli, watu wa makabila mengi wakamfuata mpaka Prophetstown kule Indiana. Novemba 1811 jeshi la Harrison, gavana wa Indiana wakati huo, likaja, inasemekana aliwahakikishia wapiganaji risasi hazitawadhuru, wakashindwa, kijiji kikachomwa.

Mtanzania ukisikia hivyo lazima moyo uende Ngarambe kwa Kinjekitile na maji yake. Yeye Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, na mimi mpaka leo sijawahi kuona picha ya sura yake. Hilo liliniuma pale pale nikiwa nimesimama.

Sasa fikiria, anachorwa 1830 ni miaka 19 tangu ashindwe, kaka yake kauawa 1813, yeye kakaa uhamishoni Kanada, karudi, akahamishiwa Kansas na watu wake mbali na ardhi ya kwao, na bado kwa mchoraji amekaa na vitu vyake vyote vya unabii mkononi. Mimi hapo sioni mtu aliyeshindwa, naona mtu anayejua yeye ni nani. Alifariki 1836, miaka sita tu baadaye.

Kwenye treni ya kurudi nikaifungua ile picha kwenye simu nikaivuta mpaka ule mkono wa shanga ukajaa kioo chote. Mama mmoja mtu mzima kiti cha pili akaniuliza huyo ni nani, nikamtajia jina, akakosea, nikarudia polepole, Ten-skwa-ta-wa, mpaka akaweza kulitamka.