Klabu ya majarida ianze na mgonjwa

Klabu nyingi za majarida, yaani vikao vya wahudumu wa afya kuchambua makala za utafiti, hufa kifo kimoja. Mwenye zamu huchagua makala inayompendeza yeye, huisoma slaidi kwa slaidi, wenzake husinzia. Daktari William Osler alipoanzisha ya kwake Montreal mwaka 1875, shida ilikuwa bei ya majarida. Leo kinachokosekana zaidi ni muda wa kusoma, na ujasiri wa kuuliza.

Anzeni na swali lililozuka wodini. "Antibayotiki kwa nimonia" ni mada tu. Swali ni hili: mtoto wa miaka 2 mwenye nimonia isiyo kali, je, amoksilini ya siku 3 itamtosha sawa na ya siku 5? Hapo mna mgonjwa, tiba, kilinganishi na matokeo, na kutafuta makala kunakuwa rahisi. Chagueni moja tu, itumwe siku 7 kabla.

Dakika 45 zinatosha: 5 za mgonjwa na swali, 10 za mbinu, 15 za matokeo, 15 za kuamua. Muhtasari wa makala usisomwe kabisa kikaoni. Ndiko waandishi hujipigia debe.

Kwenye mbinu, ulizeni nani aligawa wagonjwa katika makundi ya tiba, na kwa bahati nasibu kweli? Nani alijua dawa ipi inatolewa? Waliopotea njiani walihesabiwa wapi? Hapa ndipo wengi hunaswa. Walioacha dawa wakiondolewa kwenye hesabu, mara nyingi hubaki walioivumilia na kupata nafuu, na dawa itang'aa kuliko inavyostahili.

Kwenye matokeo, shikeni kalamu. "Vifo vimepungua kwa nusu" huenda ni kutoka wagonjwa 2 kati ya 100 hadi 1. Yaani mtatibu 100 ili kumwokoa mmoja, huku wote 100 wakibeba gharama na hatari ya madhara. Thamani ya p, kipimo cha kama tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu, haiwaambii hilo.

Daktari bingwa azungumze mwisho. Akitangulia, muuguzi na mfamasia hunyamaza, na mara nyingi wao ndio wanaojua kwa nini dozi ya saa nane usiku hairukwi kwenye makala lakini hurukwa wodini.

Kabla ya kuondoka, andikeni swali, jibu, kitakachobadilika na atakayefuatilia. Kama hakuna kinachobadilika, andikeni hivyo pamoja na sababu, la sivyo swali lilelile litarudi mezani baada ya miezi sita.